Ada za Watu na Mitego ya Mgeni

Mwaka 1331, jahazi lililomchukua Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyezunguka dunia kwa takriban miaka thelathini, lilipotia nanga mbele ya mji wa Mogadishu, lilizungukwa na mashua ndogo ndogo zilizojaa vijana, na kila kijana amechukua sinia ya chakula iliyofunikwa, akapanda nayo jahazini, akaitua mbele ya mfanyabiashara mmoja na kutamka, "Huyu ni mgeni wangu." Tangu hapo mfanyabiashara yule hakuwa na hiari ya kushukia nyumba nyingine, ila awe ni mtu wa kuja na kurudi aliyekwisha kujuana na watu wa mji, na kijana yule ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka, na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu ilhali mwenyeji wake hayupo, biashara ile kwa watu wa Mogadishu ilikuwa ni batili. Ibn Battuta alipofikiwa na kijana wake, wenziwe wakasema kwamba huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, na hapo ikadhihiri ada ya pili iliyokuwa imejificha nyuma ya ile ya kwanza. Kadhi mwenyewe alikuja ufukweni kumlaki, akamwambia twende tukamsalimu sultani. Na mgeni alipojibu kwamba atakwenda akisha kushuka na kutulia, akaambiwa kuwa mwanachuoni akifika mji huu hashukii popote kabla ya kuonana na sultani. Akaenda hivyo hivyo na uchovu wake wa bahari, akapewa majani ya tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya Dameski, ndipo alipoonyeshwa nyumba ya kulala.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo vitabu vya kuwaongoza wasafiri, navyo siku hizi ni vingi kama njugu sokoni, aghalabu havilioni. Vitabu hivyo hukusanya ada za mataifa kama mtoto anavyokusanya makombe ufukweni, hili kwa rangi yake, hili kwa umbo lake, na msomaji hucheka, hustaajabu, hukifunga kitabu. Lakini Ibn Battuta hakukwazwa na zile mashua za sinia, ambazo ndizo zilizokuwa ajabu. Hizo alizitazama, akaziandika. Alijikwaa katika neno ambalo katika miji mingi aliyoipita lingehesabiwa kuwa ni adabu njema, yaani mtu kutua mizigo yake kwanza kabla ya kwenda kwa mkubwa. Dai langu ndilo hili: ada iliyo mbali kabisa na yetu haitudhuru sana, kwa kuwa ugeni wake wenyewe hutuzindua nasi tukauliza, inayotutega ni ile inayofanana na yetu, yenye ishara ile ile, neno lile lile au kikombe kile kile, ila maana yake imehama.

Tuanze na neno. Mwarabu wa Maskati au wa Beirut akikutana na mtu humwambia marhaba, nayo ni salamu ya kuanzia, hutolewa na mdogo kwa mkubwa na mkubwa kwa mdogo pasi na tofauti. Neno hilo lilivuka bahari likaja kwetu, likaota mizizi mahali pengine kabisa, kwani kwetu marahaba si salamu bali ni jibu, tena ni jibu la mkubwa aliyekwisha kuamkiwa shikamoo, na anayelitamka kabla ya kuamkiwa huwa amejipandisha kitini kabla ya kukaribishwa. Kadhalika ahsante, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni sifa, yaani umefanya vyema, neno la mwalimu kwa mwanafunzi aliyepata jibu, kwetu imekuwa ni shukrani. Hivyo Mswahili aliyekirimiwa huko Arabuni na kusema ahsante kwa moyo safi huenda akasikika kama mtu anayempa mwenyeji wake alama za mtihani.

Nalimjua bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuja Tanga na daftari lake la maneno, akaambiwa kwamba shikamoo ni salamu ya heshima. Naye, kwa kuwa alitaka kumheshimu kila mtu, akawa anamwamkia kila mtu. Siku moja njiani akakutana na mtoto wa miaka saba hivi aliyetumwa dukani, chupa ya mafuta ya taa mkononi, akainama mbele yake na kumwambia, "Shikamoo." Mtoto alimtazama, akageuka kuangalia kama kuna mzee aliyesimama nyuma yake, akaiweka chupa chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo," kwa kuwa marahaba ilimshinda kuitamka mbele ya mvi zile. Wakabaki wameamkiana wote wawili, hapana wa kuitikia.

Kichwa nacho kina lugha zake. Katika nchi ya Bulgaria mtu hukitikisa upande kwa upande akikubali, na hukiinamisha akikataa; na wapo wenyeji waliozoea wageni ambao humgeuzia mgeni ishara ili wamsaidie, jambo ambalo huzidisha matata, kwa kuwa sasa mgeni hajui ni kanuni ya nani inayotumika. Mhindi hukiyumbisha kichwa taratibu baina ya mabega, naye amekubali, au amesikia, au ameona kuwa usemayo hayana ubaya, na ni lazima umtazame uso ili ujue ni lipi katika hayo matatu. Katika Sham na Uturuki mtu huinua nyusi na kupiga kidoko, maana yake hapana, wala hapana dharau ndani yake. Lakini sikio la Pwani halipambanui kwa haraka baina ya kidoko na msonyo, na msonyo tunajua unavyoanzisha ugomvi. Mhabeshi, kwa upande wake, akitaka kusema ndiyo huvuta pumzi ndani kwa ghafla kama mtu aliyeshtuka, na Waswidi wa kaskazini, ambao hawakupata kuwa majirani wa Wahabeshi hata siku moja, hufanya vivyo hivyo.

Mlango ni mtego mwingine, na hapa Mswahili huingia akiwa na kiburi kidogo, kwa sababu hodi yetu, ambayo hubishwa mara tatu na asiyejibiwa akaondoka zake, imefungamana na mafundisho ya dini ya kutaka idhini, na mtu aliyelelewa nayo hudhani hana la kufunzwa kuhusu mlango wa mwenziwe. Akifika Ujapani huona mambo anayoyajua. Mgeni anaingia huku akitamka neno lenye maana ya kwamba anakuja kuwasumbua wenye nyumba, nalo ni jamaa wa hodi. Viatu huvuliwa, na kuvua viatu hakumshangazi mtu ambaye kwao havipiti juu ya mkeka wala havivuki kizingiti cha msikiti. Lakini pale anapodhani adabu imekwisha, hapo ndipo inapoanza. Sakafu ya mlangoni iko chini, na ya nyumba iko juu, na aliyevua kiatu hapaswi kukanyaga tena ile ya chini kwa soksi zake. Viatu hupangwa vikielekea nje, tayari kwa kuondoka. Ndani mna ndara za nyumba, ambazo nazo huachwa kabla ya kukanyaga chumba cha mikeka. Na chooni mna ndara za choo, ambazo hazitoki huko hata kwa hatua moja. Kosa linalosimuliwa sana na wageni wa nchi ile ni la mtu aliyetoka chooni, akarudi sebuleni mbele ya wazee na ndara zile zingali miguuni, na hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa kumwambia kungekuwa ni kosa la pili. Asiyejua kabisa kuvua viatu angeuliza tangu mlangoni. Aliyejua ndiye aliyeingia bila ya hadhari.

Hali ni hiyo hiyo katika hamamu zao, ambamo mtu hujisugua na kujisuuza kwanza akiwa nje ya birika, ndipo aingie majini akiwa safi, kwa kuwa maji yale ni ya wote. Wazee wetu, ambao waliyachota maji ya birika la msikiti kwa kata na wala hawakuyatia mwili, wangaliifahamu sheria hiyo bila ya kufafanuliwa. Ambalo lingewashinda ni kuingia uchi wa mnyama mbele ya watu, na hilo halina dawa ila kubaki nje. Wafini, ambao hukaa vivyo hivyo katika vyumba vyao vya mvuke, hawamlazimishi mgeni, nami nawashukuru kwa hilo.

Lakini katika yote hayo sijapata kuona kitu kidogo kilichobeba maneno mengi kama kikombe cha kahawa. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika kahawa ya Kiarabu, kwa maombi ya Oman, Saudia, Falme za Kiarabu na Qatar, katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika, kuwa ni alama ya ukarimu. Na ukarimu huo una sarufi yake. Nalikuwa mgeni katika nyumba moja nje ya Maskati, asubuhi, baada ya tende na halua, na kijana wa nyumba amesimama mbele yetu, mdila mkono wa kushoto, finjani zimepandana mkono wa kulia. Akanimiminia kidogo, robo ya finjani tu. Mimi ni mtoto wa barazani, na kwetu muuza kahawa hujaza mpaka ukingoni asije akaitwa mwizi. Basi nikadhani ama kahawa imekaribia kwisha, ama mwenyeji wangu, Mungu anisamehe, ni bahili. Nikanywa, nikamrudishia. Akamimina tena. Nikaona ni aibu kukataa, nikanywa, akamimina. Sikujua idadi ila najua kwamba kufikia finjani ya saba mikono ilikwisha kuanza kunitetemeka, na yule kijana, ambaye hakuruhusiwa kuketi maadamu mgeni hajatosheka, alikuwa amebadilisha mguu wa kusimamia mara nyingi. Mzee mmoja aliyekaa ubavuni mwangu, aliyezaliwa Unguja na ambaye baada ya miaka yote ile Kiswahili chake kilikuwa bado ni cha Ng'ambo, akaniinamia na kuninong'oneza:

"Mwanangu, tikisa."

"Nitikise nini, mzee wangu?"

"Finjani. Itikise kidogo ukiirudisha. Usipotikisa, mtoto huyu atasimama hapa mpaka adhuhuri."

Baadaye, tulipokuwa tunavaa viatu, alinieleza yaliyobaki: kwamba robo ya finjani ni kumwambia mgeni kaa, tuna wasaa, nitakumiminia tena na tena kahawa iliyo moto, na kwamba finjani iliyojazwa mpaka ukingoni, ile ambayo mimi moyoni nilikuwa naitamani kama dalili ya ukarimu, ni kumwambia kunywa uende zako.

Wahabeshi, ambao kahawa imetoka katika nchi yao, wameifanyia ibada ndefu zaidi. Majani mabichi hutandazwa sakafuni, ubani hufukizwa, buni hukaangwa mbele ya wageni, na kikaango huzungushwa ili kila mtu ajivutie moshi wake. Kisha kahawa hupikwa katika jebena ya udongo na kumiminwa mara tatu, na kila mara ina jina, abol, tona, na ya tatu ni baraka, neno ambalo halihitaji tafsiri kwetu. Mgeni mwenye haya, anayedhani kwamba kuondoka mapema ni kumpunguzia mwenyeji gharama, akiinuka baada ya kikombe cha kwanza huwa ameikimbia baraka. Na kwenye chakula chao iko gursha: mwenyeji huvunja kipande cha injera, akakifunga mchuzi na nyama, akakuelekezea kinywani kwa mkono wake mwenyewe, nawe hupaswi kukipokea kwa mkono bali kwa mdomo. Kwetu wanaolishana ni bibi na bwana harusi, na mama na mtoto wake. Mwanamume mzima wa Pwani aliyeletewa tonge mdomoni na mwanamume mwenziwe, mwenye ndevu, huona uso unamwiva. Lakini tonge likikataliwa, ni urafiki uliokataliwa, na likiwa kubwa mno kwa kinywa, basi ukubwa ule ndio kipimo cha mapenzi.

Kukataa nako kuna taratibu zake, na mabingwa wake ni Wairani. Dereva wa teksi wa Tehran, ukimuuliza nauli, huweza kukujibu ghabel nadare, yaani si kitu, haistahiki. Nawe ukishukuru ukashuka umemdhulumu mtu, kwa kuwa ilikupasa ushikilie kulipa, naye akatae, ushikilie tena, mpaka mara ya tatu ndipo aitaje bei, ambayo pengine si ndogo. Mchezo huo huitwa taarof, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kujuana, na sioni jina lingine lingaliufaa zaidi, maana katika kuvutana huko kila mmoja humpima mwenziwe. Nasi tunao mchezo wa jamii hiyo, ijapokuwa hatukuupa jina. Apitaye penye watu wanaokula huambiwa karibu, naye hujibu starehe, nimetoka kula sasa hivi, hata kama tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Akisisitizwa huosha mkono, akala tonge moja la kuwaridhisha, akainuka. Mgeni asiyejua hufanya moja katika mawili: hukaa akala mpaka sahani ikawa nyeupe, au hupita bila ya kujibu. La pili ndilo baya. Tofauti yetu na Wairani ni kwamba kwetu mchezo huishia mlangoni mwa duka; muuza duka wa Kariakoo hajapata kumwambia mtu kwamba kitenge hiki hakina thamani.

Na kwa kuwa tumeitaja fedha, tuitaje bakshishi, ambayo kwangu ndiyo ada inayoudhihirisha zaidi ukweli kwamba nyuma ya adabu kuna historia, na nyuma ya historia kuna hesabu. Ujapani ukiacha fedha juu ya meza, mtumishi atakufuata njiani akikimbia ili akurudishie ulichosahau. Marekani usipoacha asilimia 15 au 20 juu ya bei, umefanya jambo linalokaribia wizi, na mgeni hukasirika akiona kwamba wema wa hiari umegeuzwa kuwa deni. Lakini ni deni kweli. Sheria ya shirikisho ya nchi ile humruhusu mwajiri kumlipa mtumishi apokeaye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kima ambacho hakijaongezwa tangu mwaka 1991, kwa matumaini kwamba mgeni ataujaza upungufu, ijapokuwa majimbo kadhaa yameweka kima cha juu kuliko hicho. Baada ya utumwa kufutwa huko, kampuni ya Pullman iliyoendesha mabehewa ya kulala katika treni iliwaajiri watu weusi waliokuwa watumwa, na baadaye wana wao, kwa mshahara duni, ikawaachia waishi kwa huruma ya abiria. Na wakati huo huo walikuwako Wamarekani walioichukia ada hiyo wakiiona kuwa ni ya kimwinyi na haiifai jamhuri, hata jimbo la Washington likatunga sheria ya kuikataza mwaka 1909, na majimbo mengine yakafuata, ingawa kabla ya mwaka 1930 sheria hizo zote zilikwisha kufutwa. Kwa hiyo mgeni anayeacha meza bila ya kitu kwa kudai kwamba kwao si desturi huwa hakuiadhibu desturi. Amemwadhibu mtu aliyembebea sahani.

Jamii nyingine ya makosa ni ile ambayo mgeni humleta maiti mezani bila ya kujua. Mjapani hasimamishi vijiti vya kulia katika bakuli la wali, kwa kuwa wali uliosimamishiwa vijiti ndio unaowekewa marehemu, wala hampokezi mwenziwe kitoweo kwa vijiti vikakutana na vijiti, kwa kuwa hivyo ndivyo jamaa wanavyoiokota mifupa baada ya maiti kuchomwa. Mrusi huhesabu maua, na yakiwa idadi ya shufwa, mawili, manne au sita, ni ya kaburini. Mtu akimpelekea mwenyeji wake maua kumi na mawili mazuri kwa nia njema huwa amempelekea msiba. Mchina hampi mtu zawadi ya saa ya ukutani, kwani maneno ya kumpa mtu saa, katika lugha yao, yanasikika sawasawa na maneno ya kumsindikiza mzazi anayekata roho. Na Mhangari kwa muda mrefu hakugonganisha bilauri za bia, kwa sababu yasemwa kwamba tarehe 6 Oktoba 1849, majemadari kumi na watatu wa uasi wa Hangaria waliponyongwa au kupigwa risasi katika mji wa Arad, maofisa wa Austria walisherehekea kwa kugonganisha bilauri zao, na Wahangari wakaapa kutofanya hivyo kwa miaka 150. Wanahistoria hawakiamini sana kisa hicho; nacho hakikuhitaji kuaminiwa nao. Muda wa kiapo ulikwisha mwaka 1999, na wengi bado hawagonganishi. Sisi tunaoitwa kahawani kwa mlio wa vikombe vinavyogonganishwa na muuza kahawa usiku hatuwezi kuufikiria mlio ule kuwa ni wa msiba, na hapo ndipo nguvu ya ada inapoonekana: sauti ni ile ile.

Sasa nimefika penye swali ambalo waandishi wa vitabu vya safari hulikwepa, nalo ni hukumu. Buganda, mwanamke hupiga magoti akimwamkia mkubwa, na mgeni wa Ulaya akiliona hilo moyo humchafuka. Lakini mgeni huyo huyo, akifika umasaini na mzee akamtemea mate mkononi, hujisifu kwao kwamba alibarikiwa, wala hajiulizi kwa nini mate yamempendeza na magoti yamemwudhi. Ibn Battuta, aliyelalamika kidogo sana Mogadishu, alipofika Mali mwaka 1352 akaletewa karama ya ugeni na Mansa Sulayman, alitarajia mavazi na fedha, akaona mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa mgando, akacheka. Kisha akaona watu wakijimwagia vumbi kichwani mbele ya mfalme, hilo nalo likamchukiza. Na katika kitabu chake cha safari, humo humo, aliwasifu watu wale kwa uadilifu na kwa usalama wa njia zao. Sayyida Salme wa Unguja, aliyekwenda Hamburg mwaka 1867 na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, aliwalaumu Wazungu waliopita nchi za Mashariki kwa majuma machache kisha wakajiona wana ilimu ya kuwahukumu wanawake wa huko. Lawama yake ilikuwa ya haki, ingawa naye hakuona taabu kuihukumu Ulaya, na alikuwa na haki zaidi, kwa kuwa aliishi humo miaka mingi.

Sisemi kwamba kila ada ni njema kwa kuwa ina wenyewe. Nasema kwamba mgeni ana ruhusa ya kukataa, ila akatae kwa lugha ya mwenyeji. Mwanamume na mwanamke Waislamu wasiotaka kupeana mikono huweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, na sijaona nchi ambayo ishara hiyo, ikifanywa kwa uso mkunjufu, haikufahamika. Kinachoudhi watu si kukataliwa, ni kukataliwa kwa uso wa mtu aliyenusa uvundo.

Ziko desturi nyingine ambazo si adabu tena bali ni amri, nazo hazina haja ya falsafa. Thailand, kumtukana mfalme ni kifungo, na hukumu yake hufika miaka 15. Rwanda, mfuko wa plastiki umepigwa marufuku tangu 2008 na hunyang'anywa mpakani. Ingawa katika nchi hiyo hiyo mtu mzima anayekula akitembea barabarani hakamatwi na askari, macho ya watu yanatosha.

Kasoro iliyobaki katika maandishi ya namna hii, na hata haya yangu hayakuepukana nayo, ni kuziandika ada kana kwamba zimechongwa katika jiwe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alipoyaandika mambo ya watu wake katika kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, yaani Desturi za Wasuaheli, aliandika aliyoyaona. Leo kijana wa Pwani akikisoma, kurasa nyingi zitamfanya mgeni katika nyumba ya babu yake. Na Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 na ambaye safari yake imo katika kitabu kingine cha Velten cha mwaka 1901, aliwaona kwa macho ya Kiswahili watu ambao kwa Wazungu wenyewe walikuwa ajabu. Ningependa kujua Warusi wale waliandika nini juu yake.

Niliporudi kutoka Maskati, jioni ya kwanza nalikwenda barazani petu. Muuza kahawa, ambaye ananijua tangu utoto, akanimiminia, na kikombe kikajaa mpaka ukingoni. Moyo ukanipiga kidogo, nikakumbuka wapi nilipo, nikanywa. Kisha, mkono ukiwa umekwisha kuzoea, nikakitikisa nikimrudishia. Akakitazama kikombe, akanitazama, akakijaza tena. Nikanywa, nikatikisa kwa nguvu zaidi, akajaza. Wazee waliokuwa wakicheza bao waliacha kete zao kunitazama. Baada ya kikombe cha tano aliuliza kama nataka na kashata, nikasema sitaki, akanidai vikombe vitano, nami nikalipa.